Wingi wa mistari ya msimbo haupimi kazi ya mhandisi wa programu

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu miaka nenda miaka rudi: mhandisi hodari wa programu huandika mistari mingi ya msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, kwa siku, na anayeandika michache anazembea. Si kweli.

Chukua kazi ya kujumlisha bei za bidhaa 10. Mmoja anaandika mistari 10, kila bidhaa na mstari wake. Mwingine anaandika kitanzi cha mistari 3, yaani maagizo yanayojirudia yenyewe kwa kila bidhaa. Jibu ni lile lile, ila bidhaa zikifika 500, wa pili hagusi kitu. Na aliyeshinda siku nzima akisaka hitilafu, akaikuta kwenye alama moja ya < iliyopaswa kuwa <=, ataonekana hakufanya kazi. Huo ni uonevu.

Ukitaka kuhakikisha, fungua kwenye Git, programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, historia ya mradi wowote mkubwa ulio wazi kwa umma. Utakuta marekebisho muhimu yaliyofuta mistari mingi kuliko yalivyoongeza.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu mistari ni rahisi kuhesabu. Anayetaka kujipima kwa haki atazame muda tangu kazi ianze hadi imfikie mtumiaji, hitilafu zinazorudi, na hasa saa anazopoteza akisubiri majaribio yaishe au mwenzake akague msimbo. Mara nyingi nafuu hupatikana hapo, si kwenye kasi ya vidole.

Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Wapo wanaopimwa kazini kwa namba hiyo, na wanaumia.