Tochi ya Sanduku la Zana: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Tochi inayowekwa katika sanduku la zana haiishi kama ile inayotundikwa ukutani kusubiri umeme ukatike. Hukaa wiki, pengine miezi, chini ya spana na nyundo, ndani ya buti ya gari yenye joto, ikipata vumbi la barabara na mafuta ya gereji. Kisha siku moja huhitajika ghafla, gari likiwa limezimika kando ya barabara ya Kampala kwenda Masaka na jua limekwishazama. Kwa sababu hiyo, mnunuzi anayejiuliza tu inawaka kwa nguvu kiasi gani leo dukani amesahau swali kubwa zaidi, yaani kama itawaka baada ya kusahauliwa nusu mwaka. Ushauri mwingi unaotolewa Kiseka, Katwe na katika maduka ya jumla ya Kikuubo, jijini Kampala, haugusi swali hilo hata kidogo.

Dhana: Tochi yenye lumeni nyingi zaidi ndiyo bora zaidi

Lumeni hupima mwanga wote unaotoka katika tochi, uwe umekusanywa mahali pamoja au umetawanyika. Umbali ambao mwanga unafika hutegemea ukali wa mwale, ambao hupimwa kwa kandela, na ili mwale ufike mbali mara mbili, ukali huo hauna budi kuongezwa mara nne. Fundi aliyeinama chini ya boneti hana haja ya kumulika ng'ambo ya bonde. Anachohitaji ni mwanga uliotandazwa sawasawa juu ya eneo dogo, na lumeni 100 hadi 200 humtosha kabisa. Zikizidi sana, mwanga hurudi machoni kutoka kwenye chuma kinachong'aa na kumzuia kuona nati aliyokuwa akiitafuta.

Zaidi ya hayo, tarakimu zilizochapishwa kwenye maboksi mengi haziwezi kuwa za kweli, na mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kulithibitisha hilo. Betri ya lithiamu ya aina ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, hutoa takriban volti 3.6, na nyingi zilizo halali hubeba kati ya mAh 2000 na 3600 (mAh ni kipimo cha umeme ambao betri huhifadhi). Tuchukue mAh 3000: hizo ni kama wati 11 kwa saa moja. Tochi nzuri ikitoa lumeni 100 kwa kila wati, betri hiyo itaendesha lumeni 1000 kwa muda wa saa moja na dakika chache tu. Kwa hiyo boksi linaloahidi lumeni 10,000 kwa saa nane kutokana na betri moja linadanganya, na betri iliyoandikwa mAh 9900 inadanganya vilevile. Betri halali ya ukubwa huo huwa na uzito unaokaribia gramu 45. Ile ya bandia mara nyingi huwa nyepesi kwa namna ambayo mkono huihisi.

Hata kwenye maboksi ya waaminifu, saa zilizoandikwa husomwa vibaya. Kiwango cha Marekani kijulikanacho kama FL1, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2009, huhesabu muda wa kuwaka hadi mwanga unaposhuka kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Anayesoma saa 20 asidhani kwamba atapata saa 20 za mwanga uleule.

Dhana: Betri zikiwa mpya, tochi iko salama hata ikikaa mwaka mzima

Hapa ndipo tochi nyingi nzuri hupotea, na ni hasara inayosikitisha kwa sababu ingeweza kuepukwa bila gharama yoyote. Betri ya alikali huendelea kupungua nguvu polepole hata kama tochi haijawashwa, na kadiri inavyochoka ndivyo inavyotengeneza gesi ya haidrojeni. Shinikizo la gesi hiyo likizidi, kizibo cha betri hufunguka na hidroksidi ya potasiamu huchuruzika nje, kisha hukauka na kuwa ukoko mweupe ambao mafundi wanaufahamu vizuri. Majimaji hayo huharibu springi na kuila alumini kabisa, kwa kuwa alumini ni miongoni mwa metali zinazoyeyuka katika alikali. Ndiyo maana tochi ya thamani, yenye mwili mzito usio na ufa hata mmoja, hukutwa betri zimevimba na kunata ndani, zisitoke hata kwa kugongwa. Betri za bei nafuu za zinki na kaboni zina udhaifu wa namna nyingine: kopo lake ni zinki ile ile inayotumika kuzalisha umeme, kwa hiyo hutobolewa kutoka ndani kadiri inavyotumika. Kuchanganya betri mpya na kuukuu huharakisha uharibifu, kwa sababu iliyo dhaifu huishiwa mapema na kuendelea kusukumwa na wenzake hadi ivuje.

Anayetumia betri za kawaida azitoe na kuzihifadhi ndani ya sanduku hilo hilo, katika kifuko kikavu, mbali na misumari na vipande vya chuma vinavyoweza kuunganisha ncha zake. Asiyetaka usumbufu huo atafute betri za lithiamu za volti 1.5 zisizochajiwa, ambazo ni ghali lakini hudumu zaidi ya miaka kumi zikiwa zimehifadhiwa na huvuja kwa nadra sana. Ukoko ukishaonekana, siki au maji ya limau kwenye kitambaa huuondoa, mradi sehemu iliyosafishwa ikaushwe vizuri kabla ya kuwekwa betri nyingine.

Wengine hudhani kwamba tochi ya kuchaji imeepuka matatizo hayo yote. Zile tochi kubwa za plastiki zinazochomekwa moja kwa moja kwenye soketi mara nyingi zina betri ndogo ya risasi na asidi, na betri ya namna hiyo ikiachwa bila chaji, salfeti ya risasi hujijenga na kuganda juu ya mabamba yake hadi isiweze tena kupokea umeme. Inafaa sana nyumbani, mahali inapochajiwa mara kwa mara; kwenye sanduku la zana hufa haraka kuliko zote. Betri ya lithiamu huvumilia zaidi kukaa, lakini joto la gari lililoegeshwa juani huipunguzia umri, na hakuna sababu ya kuihifadhi ikiwa imejaa kabisa au imeisha kabisa. Nusu, au zaidi kidogo, ndiyo hali inayoifaa.

Jambo lingine ambalo wauzaji hawalitaji ni swichi. Kitufe laini cha kielektroniki huacha sakiti ikinywa umeme kidogo muda wote, hata tochi ikiwa imezimwa, ilhali swichi inayolia "tak" hukata njia yote ya umeme. Kwa tochi inayosubiri miezi, ya pili ni bora bila ubishi. Mwenye ile ya kwanza alegeze kifuniko cha nyuma kidogo. Katika tochi nyingi za alumini hilo hutosha kukata umeme, na pia huizuia isijiwashe yenyewe inapobanwa na zana.

Dhana: Tochi ya chuma ni imara kuliko ya plastiki

Alumini ina faida moja kubwa isiyohusu kuanguka: huliondoa joto kwenye taa ya LED, na joto ndilo adui mkuu wa taa hizo. Katika kuanguka, kinachovunjika mara nyingi ni kioo, springi au maungio ya ndani. Mwili wa nailoni au polikaboneti nzuri humeza sehemu ya mshtuko ambao chuma huupitisha moja kwa moja. Plastiki inayopaswa kuogopwa ni ile nyembamba na kavu ambayo hulia ikibanwa kwa vidole. Kwa fundi umeme anayefanya kazi karibu na volti 240, mwili usiopitisha umeme ni kinga, na mimi ningemshauri asinunue ya chuma hata akipewa kwa bei nafuu.

Dhana: Ikiandikwa kuwa haiingii maji, basi haiingii kitu

Alama IPX4 maana yake ni kwamba tochi imepimwa kwa maji ya kurushiwa, na IPX7 kwamba imezamishwa katika maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Herufi X inaonyesha kwamba kinga dhidi ya vumbi haikutajwa kabisa. Kwa anayefanya kazi kwenye barabara za murram msimu wa kiangazi, alama yenye tarakimu 6 mahali pa X, kwa mfano IP65 au IP67, ina maana zaidi kuliko kina cha maji. Kinga hiyo hutegemea pete ya mpira kwenye kifuniko, ambayo inapaswa kupakwa grisi ya silikoni. Grisi ya magari huvimbisha baadhi ya mipira.

Kuhusu rangi ya mwanga, wengi hupenda mweupe wenye ubuluu kwa kuwa unaonekana mkali, lakini taa zinazouzwa hivyo mara nyingi hudhihirisha rangi vibaya, na waya wa kahawia, mwekundu na mweusi huanza kufanana. Taa yenye kiwango cha CRI, yaani kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa usahihi, cha 90 au zaidi huondoa mashaka hayo, na husaidia pia kutofautisha oili na maji ya rejeta chini ya injini.

Kabla ya kulipa, omba ufungue kifuniko cha nyuma, uangalie kama springi ni nene na nyuzi za skurubu zinashika bila kukwaruza, uwashe tochi kisha uitikise kwa nguvu karibu na sikio. Ikiwaka na kuzimika au ikilia ndani, irudishe kwa muuzaji, kwani maungio yanayolegea mkononi yatalegea zaidi sandukuni.