Ukiacha steroidi, mwili unapitia nini hasa?

Kuna hali mabaunsa wengi hapa Tanga wanaijua kwa kuipitia ila hawaielewi, wanasema tu "nimeshuka" au "mwili umenikataa". Jamaa alikuwa amejaa kifua, fulana inabana mikono, kila jioni yuko Raskazone anapiga pushapu na wenzie, alafu inapita miezi miwili mitatu unamkuta Ngamiani fulana ileile inapepea, hana raha, jimu haonekani, ukimsalimia anaitikia kivivu. Watu wanaanza, ooh ana ngoma huyo, ooh karogwa, na Tanga hii mnavyoijua kurogwa ndo jibu la kwanza. Kumbe kaacha sindano tu.

Nazungumzia steroidi za kujaza misuli, yaani testosteroni ya kutengenezwa na ndugu zake kama nandroloni na stanozololi (hiyo ya mwisho ndo iliyomvua Ben Johnson dhahabu ya mita 100 kule Seoul mwaka 1988). Zile za pumu na mzio, prednisoloni na deksa (deksamethasoni), nazo zinaitwa steroidi ila kazi yake nyingine kabisa, nitazigusa mwishoni maana huko kuna hatari ya aina yake.

Sasa ili uelewe kushuka lazima ujue nani anatoa amri. Testosteroni yako inatengenezwa kwenye korodani lakini korodani hazijiamulii, amri inaanzia kwenye ubongo, sehemu inaitwa haipothalamasi, inaishtua tezi ndogo iliyo chini yake inaitwa pituitari, nayo inamwaga homoni mbili kwenye damu, LH na FSH. LH ndo inaziambia korodani zitengeneze testosteroni, FSH inashughulika zaidi na mbegu. Na ubongo muda wote unapima, ukiona testosteroni imezidi unapunguza amri. Wewe unajichoma dozi kubwa kuliko mwili ungetengeneza wenyewe, ubongo unaona damu imejaa, unanyamaza. Jirani akikuletea pilau mchana na jioni kila siku, nani atahangaika kuwasha jiko? Korodani zinakaa bila kazi na zinasinyaa, hizo siyo stori za kijiweni, zinapungua kweli, na mbegu zinapungua mpaka kwa wengine ukipima hamna hata moja.

Alafu unaacha. Kinachowachanganya watu ni kwamba siku za kwanza hakuna kinachotokea. Sindano za mafuta zinatoka taratibu, testosteroni enanthati kwa mfano inachukua kama siku nne tano kupungua nusu, tena nusu ya hiyo nusu, kwaiyo wiki mbili za mwanzo bado unakula akiba na mtu anatamba kabisa, mi nimeacha na niko fiti. Ngoja wiki ya tatu au ya nne. Dawa imeshaisha na ubongo bado umelala, hapo una testosteroni ndogo kuliko uliyokuwa nayo kabla hujaanza. Waliokuwa wanameza vidonge wanashuka mapema zaidi maana vyenyewe vinatoka ndani ya siku chache.

Cha kwanza kuondoka ni maji, maana dawa nyingi za aina hii zinafanya mwili ushikilie chumvi na maji, kwaiyo kilo zinazodondoka haraka mwanzoni siyo nyama yote, usilie. Misuli yenyewe inapungua polepole, mafuta yanarudi tumboni, na vyuma ulivyokuwa unanyanyua kwa kuchezea vinakuwa vizito. Ukiendelea na tizi la kawaida na ukala vizuri (dagaa, maharage, mayai, hamna miujiza hapo) unabaki na kiasi, ila ule mwili wa kwenye picha hautabaki wote, anayekuambia utabaki anakuuzia kitu.

Yanayouma zaidi hayaonekani kwenye kioo. Hamu ya mapenzi inakata, nguvu za kiume zinayumba, usingizi mbovu, uchovu wa asubuhi, hasira au kulia bila sababu. Wengine wanaingia kwenye sonona kabisa mpaka wanawaza kujiua, na hili wanaume wa pwani hatulisemi, tunasema ana mawazo. Siyo mawazo tu, ni homoni imeanguka, na mtu wa hivyo asiachwe peke yake, apelekwe hospitali. Na hapa ndipo wengi wanarudi kwenye sindano, siyo kwa tamaa ya misuli tena bali kuikimbia arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, na wakirudi nafuu wanaipata kweli, ila ubongo unalala tena na hesabu inaanza upya.

Kurudi inachukua muda gani? Kwa wengi homoni zinakaribia hali yake ndani ya miezi kadhaa, kwa wengine inapita mwaka, na wapo ambao hawarudi walipokuwa, hasa waliotumia miaka mingi na dozi kubwa. Mbegu zinachelewa zaidi kwa sababu kutengeneza mbegu moja mpaka ikomae kunachukua kama miezi miwili na nusu, kwaiyo kama mnatafuta mtoto msianze kulaumiana na mama nyumbani mwezi wa pili. Damu iliyokuwa nzito kwa dawa kuzidisha seli nyekundu inapungua uzito taratibu, maana seli hizo zinaishi kama siku 120. Kolesteroli nzuri inapanda tena. Ila kama mishipa ya moyo ilishaanza kuziba, kuacha hakuizibui.

Matiti nayo. Sehemu ya testosteroni mwili unaigeuza kuwa estrojeni, homoni ya kike, ndo maana chuchu zinavimba na kuuma. Ikiwahiwa inaweza kupungua, likishakuwa donge gumu la muda mrefu halitoki bila kisu. Na dada zetu wanaotumia, sauti ikishakuwa nzito hairudi kama zamani.

Kupima siyo jambo gumu, omba testosteroni, LH na FSH, na uende asubuhi kati ya saa moja na saa nne maana mchana testosteroni inashuka yenyewe. Testosteroni ndogo na LH ndogo, ubongo bado haujaamka, mara nyingi ni kusubiri na kufuatiliwa. Testosteroni ndogo na LH kubwa ni habari nyingine, ubongo unapiga kelele na korodani haziitiki, hapo unataka daktari wa homoni, na hospitali kubwa kama Muhimbili wapo. Zile tamoksifeni na klomifeni zinazouzwa jimu za "kuamshia" ni dawa kweli, tamoksifeni ni ya saratani ya matiti, lakini kununua kwa yuleyule aliyekuuzia sindano, bila kipimo, mi sioni akili yake.

Sasa deksa na prednisoloni, pamoja na mabinti wanaozinunua ili wanenepe. Hizi zinalaza tezi za juu ya figo zinazotoa kotisoli, na bila kotisoli mwili hauhimili hata homa ya kawaida. Umezitumia wiki nyingi, usikate ghafla, daktari anazipunguza kidogo kidogo, na ukishakata ukaona unatapika, kizunguzungu, presha iko chini, mwili hauna nguvu, usisubiri kukuche, nenda hospitali ya Bombo usiku huohuo na uwaambie ulikuwa unameza nini.