Uzito wa kura za Lamu
Kwa miaka mingi imesemwa katika baraza za Lamu kwamba matokeo ya kaunti yetu, yenye majimbo mawili tu ya bunge, hayana uzito kitaifa. Si kweli, na inasikitisha mtu kubaki nyumbani siku ya kura kwa imani hiyo. Katiba ya 2010 inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote na, pamoja na hizo, angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Katika hesabu hiyo ya pili, Lamu ni sawa na Nairobi. Hata katika ile ya kwanza kura chache zina uzito: mshindi wa 2013 alitangazwa kwa asilimia 50.07, juu kidogo tu ya nusu.