Namboole haiko Kampala mjini: kwa shabiki anayevuka mpaka

Kosa kubwa la wageni wanaokuja kutazama mpira Namboole hufanyika kabla hata hawajapanda basi: wanakata tiketi ya Kampala na kupanga kufikia mjini. Uwanja wa Taifa wa Mandela, ndio huo Namboole, uko Bweyogerere, wilaya ya Wakiso, pembeni ya Barabara ya Jinja. Basi la kutoka Nairobi, liwe limepita Busia au Malaba, linaupita uwanja kabla ya kuingia mjini. Ukisinzia hadi stendi, utalipa tena nauli ya kurudi ulikotoka, na foleni ya siku ya mechi ikungoje njiani.

Nauli ya basi haipungui kwa kushuka mapema, lakini unaokoa saa nzima au zaidi. Sharti ni moja: begi likae nawe ndani. Likishaingia kwenye buti na kufunikwa na magunia ya watu wa mjini, hakuna konda atakayepakua mzigo wote barabarani kwa ajili yako. Mwambie konda mapema, kabla ya Mukono. Baada ya Mukono ni Seeta, kisha Namanve yenye viwanda, na hapo uwe umeshasimama mlangoni.

Watanzania wanaoingia kwa Mutukula wanatokea upande wa pili, kwa Barabara ya Masaka. Nao hawana haja ya kuingia mjini. Shukeni Busega, mwanzo wa Northern Bypass, barabara ya kilomita 21 inayozunguka jiji kaskazini na kuishia huko huko Bweyogerere. Watu wanne mkichangia gari la kukodi mnafika bila kuliona jiji. Bodaboda inawezekana, ila kwa umbali huo na malori yale, mimi simshauri mtu.

Hakikisha kwanza mechi ni ya Namboole kweli. Vipers, klabu ya Uganda, wana uwanja wao Kitende, Barabara ya Entebbe, na ndiko Simba waliposhinda 1-0 Februari 25, 2023. KCCA, klabu nyingine ya hapa, wako Lugogo, karibu na mjini. Dereva ukimwambia "uwanja" tu, atakupeleka anakokujua yeye.

Mpakani mambo ni mepesi kwa mwenye karatasi zake. Mkenya anaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa na akapewa hati ndogo ya karatasi. Itunze kama pesa, maana utaulizwa ukitoka. Mtanzania aje na pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Wote mbebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa juzi kwa mechi ya kesho hakusaidii. Ukishachanjwa, kadi ni ya maisha.

Kwenye vituo vya mpakani vya Busia, Malaba na Mutukula unagongewa kutoka na kuingia upande mmoja, kisha unarudi kwenye basi. Wanaoachwa na basi ni wale waliokwenda kubadilisha hela huku wenzao wakiwa kwenye mstari. Gonga muhuri kwanza, hela baadaye. Na pale Busia mtu anaweza kujikuta ng'ambo kwa miguu bila kupita ofisini. Usijaribu. Kuingia hakuna anayekushika. Shida huja siku ya kutoka, muhuri wa kuingia unapotafutwa na haupo.

Sasa mavazi, kwa sababu hili huwapata wageni wasio na kosa lolote moyoni. Nguo za mabakamabaka ya kijeshi ni marufuku kwa raia Uganda, hata ikiwa ni kaptula ya mtumba. Tena tangu 2019 bereti nyekundu imo kwenye orodha ya sare za jeshi. Shabiki wa Simba au wa Harambee Stars avae jezi yake nyekundu bila wasiwasi, skafu nyekundu pia. Bereti ibaki nyumbani.

Tiketi nunua kabla ya kusafiri, kupitia njia iliyotangazwa na waandaaji. Ukinunua kwa mlanguzi aliyekuonyesha picha kwenye simu, jua kwamba msimbo wa QR unakubali mara moja tu: akiwauzia watu watano picha ile ile, anaingia aliyetangulia, wanne wanabaki wakibishana na mashine. Kama chama chenu cha soka kimepewa eneo la wageni, kaeni humo. Ukiwa na hiari ya kuchagua, panda safu za juu. Namboole ina njia ya kukimbilia kuuzunguka uwanja wote, kwa hiyo safu ya mbele unayodhani ni ya heshima iko mbali na mpira na chini mno. Goli la upande wa pili utalijua kwa kelele.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili hapa, lakini mtaani utajibiwa Kiluganda au Kiingereza. Getini ni kinyume chake. Askari na wanajeshi wengi wanakielewa vizuri, na "afande" ukiitamka kwa adabu hurahisisha upekuzi. Kwenye takisi (ndiyo matatu au daladala ya hapa) sema "siteegi awo" unapotaka kushuka. Kuuliza bei ni "mmeka?", ukitanguliza "ssebo" kwa mwanamume au "nnyabo" kwa mwanamke. Saa zinahesabiwa kama zetu, "ssaawa kkumi" ni saa kumi jioni, lakini tiketi huandikwa kwa mtindo wa Kiingereza. Soma vizuri.

Filimbi ya mwisho ikilia, usigombanie gari la kwanza nje ya lango. Litasimama hapo hapo nusu saa. Teremka kwa miguu hadi barabara kuu, usogee mbele kidogo kuelekea Kireka, ndipo upande. Mechi ya saa kumi huisha karibu saa kumi na mbili, lakini ya mtoano ikienda dakika 30 za nyongeza na penalti inapita saa kumi na mbili na nusu. Basi la usiku la kurudi lisiwe la kabla ya saa tatu, na ulipandie mjini lilikopangiwa, kwa sababu likifika Bweyogerere limeshajaa.