Kufunga kizazi mwanaume sio kuhasiwa: maswali tuliyokutana nayo barazani Ngamiani

Sisi watu wa afya tumekuwa tunapita kwenye mabaraza ya kahawa hapa Tanga, Ngamiani, Makorora mpaka kule Deep Sea kwa wavuvi, tunaongea na wanaume kuhusu uzazi wa mpango, na kila tukifika swali la kwanza ni lilelile, ati nikifunga si ntakuwa kama beberu aliyehasiwa? Watu wanacheka, kashata inazunguka, ila ukimwangalia aliyeuliza unaona yeye hacheki, anataka jibu.

Jibu ni hapana. Beberu akihasiwa korodani zinatolewa au zinapondwa, ndo maana ananenepa na habari ya majike inamuisha, kwasababu korodani ndo zinatengeneza homoni ya kiume, testosteroni. Kwenye vasektomi, ndo huko kufunga kizazi kwa mwanaume, korodani zinaachwa palepale zilipo. Kinachokatwa na kufungwa ni vile vimirija viwili vinavyopitisha mbegu, na homoni haipitagi humo, yenyewe inaingia kwenye damu moja kwa moja, kwahiyo ndevu, sauti, hamu, kusimama, vyote viko kama jana. Hata ukifika kileleni maji yanatoka vilevile maana mbegu ni sehemu ndogo sana ya shahawa, kama 5 kwa 100 au chini ya hapo, yaliyobaki yanatoka kwenye tezi za huko mbele. Mzee mmoja fundi baiskeli akauliza, sasa hizo mbegu zinazozuiwa zinaenda wapi, zikijaa si zitapasua? Hazijai mzee wangu, zinakufa na mwili unazifyonza taratibu.

Kazi yenyewe ni dakika 15 mpaka 30. Unachomwa sindano ya ganzi, uko macho, unapiga stori na daktari. Siku hizi njia inayopendwa ni ile isiyo na kisu, aliibuni daktari Mchina Li Shunqiang mwaka 1974, wanatoboa kitundu kidogo kwenye ngozi ya pumbu na mara nyingi hata nyuzi hazihitajiki, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mama akitaka kufunga yeye inabidi waingie tumboni, ni oparesheni nzito kuliko hii, na bado mzigo tunamtupia mama tu, sindano yeye, kijiti yeye, vidonge yeye, kitanzi yeye. Ukishatoka pumzika siku mbili, vaa chupi inayobana kidogo, na wiki nzima usibebe vizito wala usipande baiskeli, najua kumwambia mtu wa Tanga asipande baiskeli ni mtihani. Kuvimba kidogo na kuvilia damu ni kawaida, wachache maumivu yanawakalia muda mrefu na tunawaambia mapema wasije kusema walifichwa. Ukiona homa, usaha au uvimbe unaozidi kukua rudi hospitali usisubiri.

Sasa hapa ndo naomba mtulie. Vasektomi haifanyi kazi siku hiyohiyo. Mbegu zilizokuwa zimeshapita kabla ya kukatwa bado zipo huko mbele, zinahitaji kama miezi 3 kuisha, na miezi yote hiyo lazima mtumie kondomu au mama aendelee na njia yake. Halafu unaleta shahawa kwenye kikopo, maabara wanaangalia kwa darubini kama kuna mbegu, mpaka wakwambie hamna ndo unaacha kondomu. Kipimo hiki wanaume wengi wanakiruka, wanaona aibu na kikopo. Kwa wanaopima, mimba inatokea kwa wake wa wanaume kama 2 kati ya 1,000 mwaka wa kwanza, kwa wasiopima ni 2 mpaka 3 kati ya 100, ona tofauti hiyo kwa ajili ya kikopo tu. Sasa fikiria mwanaume kafunga, hajapima, mwezi wa pili mama ana mimba, huyu baba hatajilaumu yeye, atasema umechepuka, talaka ishaandikwa, na mama wa watu hana kosa lolote. Ndo maana mimi nasema bora mje wawili, wote msikie kwa masikio yenu.

Jambo lingine, hii ni ya kudumu. Kuna upasuaji wa kuunganisha tena ila ni mgumu, ni ghali, na haina uhakika wa kupata mtoto, kwahiyo usifunge kwa kusema nikibadili mawazo ntafungua. Kijana wa miaka 25 mwenye mtoto mmoja mimi ntakaa nae muda mrefu kabla sijamwandikia, na kama unawaza kuongeza mke wa pili sema ukweli wako hapahapa. Kuhusu dini sitawadanganya, Baraza la kimataifa la Fiqhi la Kiislamu lilikaa Kuwait mwaka 1988 likasema kukata uzazi moja kwa moja haifai ila kwa dharura, lakini kupanga kwa muda kwa makubaliano ya mume na mke likaruhusu. Kanisa Katoliki nalo linakataa kufunga. Mwone sheikh wako au padri wako, mimi ni mtu wa afya tu.

Kwa ambao hawako tayari, mwanaume bado ana kondomu, kwa matumizi ya watu wa kawaida wanawake kama 13 kati ya 100 wanapata mimba kwa mwaka, na kumwaga nje, ile azli, ni kama 20 kati ya 100, bora kuliko kukaa bure ila sio ya kuitegemea. Kondomu peke yake ndo inazuia na ukimwi, vasektomi haizuii ugonjwa wowote. Vidonge vya wanaume kila mtu anaviuliza, bado havijafika dukani. Mwanamke anatoa yai moja kwa mwezi, mwanaume anatengeneza mamilioni ya mbegu kila siku, kuzizima zote sio mchezo. Utafiti mmoja wa sindano ya wanaume ulisimamishwa 2011 kwasababu ya madhara, ikiwemo watu kubadilika hisia, na kuna jeli ya kupaka mabegani bado iko kwenye majaribio. Zile mbegu za papai mnazotafuna ili kuzuia mimba hazijathibitishwa kwa binadamu, kuleni papai lenyewe.

Uzazi wa mpango kwenye vituo vya serikali ni bure. Sio kila kituo kinafanya vasektomi, wakikwambia hapa hatufanyi omba rufaa, na kama barazani uliona aibu kuuliza mbele za wenzio, njoo kliniki sema tu nataka kuongea faragha.