Ziwa lililomeza maziwa matatu

Chukua ramani ya Afrika ya Abraham Ortelius, iliyochapwa Antwerp mwaka 1570. Pwani yetu utaitambua papo hapo: Melinde hii, ndiyo Malindi; Quiloa ile kule kusini, ndiyo Kilwa. Manahodha walipita hapa. Sasa ingiza kidole bara uone vituko: Mto Nile unabubujika kutoka maziwa mawili yaliyolala sambamba, urithi wa mwanajiografia Ptolemaio wa Aleksandria, aliyeandika karne ya 2. Sebastian Münster, mwaka 1540, alichora hata jitu la jicho moja limeketi upande wa magharibi. Mfaransa d'Anville ndiye aliyethubutu, mwaka 1749, kuyafuta mengi ya hayo na kuacha karatasi nyeupe. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko wachoraji wengi.

Lakini ninayoipenda zaidi ni ya juzi juzi tu, ya mwaka 1856. Wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann walikaa huku pwani wakiwahoji watu wa misafara ya bara. Aliyepita njia ya kusini alisema safari iliishia kwenye maji makubwa. Wa njia ya kati, vivyo hivyo. Wa kaskazini, naye hivyo hivyo. Wakayaunganisha yote, likatoka ziwa moja la kutisha, limejinyoosha katikati ya Afrika kama koa mnene. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipoingia bara, mwaka 1858 ikajulikana kuwa Tanganyika ni ziwa mbali na Nyanza (Viktoria); baadaye ikajulikana kuwa Nyasa nalo liko peke yake. Watu husema wapwani walidanganya. Hasha! Kila shahidi alisema kweli; kosa ni la aliyeshika kalamu.

Ukitaka kununua ramani ya kale, usivutiwe na rangi, maana nyingi zimepakwa baadaye. Ramani za Ortelius zilichapwa kwa bamba la shaba, kwa hiyo pitisha kidole pembezoni usikie alama ya bamba lilivyokandamiza karatasi. Igeuze pia: karatasi iliyotoka kwenye kitabu chake cha ramani huwa na maandishi nyuma.

Na kwa sisi wa Lamu, tafadhali, usiitundike moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe. Ukuta huo hutoa unyevu na chumvi, na madoa ya kahawia yakishaingia kwenye karatasi kuyatoa ni kazi ya fundi, tena ghali. Iache nafasi nyuma ya fremu, na isipigwe na jua.