Shingo ya Foster Avenue

Ukipanda treni ya Blue Line kutoka katikati ya Chicago kwenda uwanja wa ndege wa O'Hare, kituo cha Cumberland bado ni Chicago. Kinachofuata, Rosemont, kiko mji mwingine kabisa, wenye meya wake na polisi wake. Kisha unashuka O'Hare, na umerudi Chicago! Mimi ni mpima ardhi, na ramani hiyo huwafungulia vijana wa kazini nikitaka waone mpaka uliochorwa kwa hila za mawakili.

Kwetu Tanzania Bara kila kipande cha ardhi kiko chini ya halmashauri fulani, na mpaka hauhami bila Tangazo la Serikali. Majimbo mengi ya Marekani yana ardhi ya namna nyingine: imo ndani ya kaunti, lakini haimo katika mji wowote. Mji jirani unaruhusiwa kujimegea, mradi ufuate taratibu. Miji miwili ikiitaka ardhi ileile, ndipo patashika inapoanza.

Chicago ilipata kiwanja cha O'Hare baada ya Vita Kuu ya Pili, palipokuwa na kiwanda cha ndege za kijeshi. Lakini kumiliki ardhi si kuitawala. Kiwanja kilikuwa nje ya mipaka ya jiji, na vijiji vya pembeni vilikuwa vinakua. Kingezungukwa na kuingizwa katika mji mwingine, Chicago ingebaki kama mwenye shamba katika wilaya ya watu: kodi, polisi na vibali vya ujenzi vingeamuliwa na wengine.

Sheria nayo ilidai ardhi inayoingizwa ipakane na jiji. Haikupakana. Basi mwaka 1956, chini ya Meya Richard J. Daley, Chicago ikachukua utepe mwembamba wa barabara ya Higgins na kuufuata hadi uwanjani. Mwaka huohuo Rosemont nayo ikajiandikisha kuwa mji. Uhalali wa utepe ule ukapingwa, na baadaye pande mbili zikabadilishana ardhi. Shingo ya sasa, yaani ukanda mwembamba unaounganisha jiji na uwanja, inafuata barabara ya Foster Avenue, upana wake kama meta 60 hivi, Rosemont kaskazini na Schiller Park kusini. Rosemont haikupoteza: wakazi wake hawafiki 5,000, lakini imejaa hoteli wanamolala abiria wa uwanja wa jirani.

Los Angeles ilifanya hivyohivyo mapema zaidi. Mwaka 1906 ilijiongezea ukanda mrefu kuelekea kusini, na 1909 ikazipata San Pedro na Wilmington, yaani bandari.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: miji miwili ikiomba ardhi ileile, nani anapewa? Majimbo mengi mahakama huangalia nani alitangulia kuanza mchakato kihalali. Aliyekuja wa pili anasubiri, hata kama hoja zake ni nzuri zaidi. Ombi la kwanza likianguka, zamu yake inafika. Ndiyo maana miji hukimbizana kufungua majalada, na ndiyo maana wakili wa upande wa pili hupekua tarehe na ramani za mwenzake akitafuta kosa. Nimeona kitu kama hicho kwenye mpaka wa vijiji viwili: mwenyekiti mmoja alituonyesha mkuyu, mwenzake kisiki hatua mia mbili mbele, na kila mmoja alikuwa na muhtasari wa kikao wenye mhuri. Tulipoteza siku nzima kwa mihuri, si kwa vipimo.

Wenyeji wasiotaka kuingizwa katika mji jirani nao wana njia yao. Mafuta yalipopatikana Signal Hill, California, mwaka 1921, Long Beach ilikuwa inapakana nayo na ilikuwa na ushuru wa kila pipa la mafuta. Watu wa kilimani hawakungoja kumezwa. Aprili 1924 walijiandikisha kuwa mji, na hadi leo Long Beach imewazunguka pande zote, kama ute na kiini cha yai.